Nilivyokwenda Kwenye Matanga Yangu Shinyanga

Jamani, tangu nirudi kambini sijala chakula kikiwa cha moto. Huyu ananishika mkono aone kama una joto, yule ananiuliza kaburini kukoje, na mpishi wetu bado ananipakulia huku amesimama mbali. Basi nimeamua niandike yote mara moja. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na baada ya hapo mniache nile. Mambo ya ruhusa na karatasi za safari nayaruka, hayana utamu.

Kambini: rambirambi zinanikuta nikinywa uji

Kazi yangu mnaijua. Kila siku jua likifika utosini naingia kwenye kibanda cha simu ya upepo, ile isiyo na nguzo, nasema na ofisi ya wakala wetu kule Shinyanga, nawaambia mgodi umetoa nini na unataka nini. Upande wa pili anakaa Masanja. Yeye Msukuma, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na mtani ukimsemesha bila kumtukana ni kama umemnyima salamu. Yeye huniambia Mzaramo akipewa jembe huuliza ngoma inapigwa wapi. Mimi humwambia Msukuma akialikwa harusini huja na sufuria lake. Mazungumzo ya kazi huisha upesi, matusi ndiyo yanayochukua muda. Sauti ya Masanja naijua kuliko ya binamu zangu, ila uso wake nilikuwa sijauona hata siku moja, wala yeye wangu.

Siku ile nilitaka kumweleza habari ya ule mwamba ulioziba njia ya matoroli, ambao kwa rehema za Mungu haukumgusa mtu. Nikasema, "Masanja, mwamba umeanguka shimoni," na kabla sijafika pa kusema watu wote ni wazima, simu ikanyamaza. Baadaye ikaanza kuvuma, kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo bila kikomo. Nikaita mpaka koo likaniuma. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaifungua mashine, nikasafisha kila waya, nikabadilisha betri, nikaisemesha kwa upole, halafu nikaisemesha kwa ukali.

Yule Mzungu mwenye ndevu, bwana mpimaji ardhi, akaja akaniambia niiache mashine, haina ugonjwa. Akanionyesha dira yake, sindano imepotoka kidogo na haitaki kutulia. Kasema mwaka huu jua lina madoa, na penye madoa huchafuka likatema moto pamoja na upepo usioonekana. Upepo huo ukifika kwetu huivuruga ile njia ya juu angani ambako sauti za simu ya upepo hugonga zikarudi chini. Hata waya za simu zilizo juu ya nguzo huingiwa na umeme ambao hakuna mtu aliyeutia. Kasema ni dhoruba. Nikatoka nje nikatazama juu, mbingu nyeupe, hata kiwingu hakuna. Nikasema kumbe Wazungu nao wana waganga wao.

Sasa fikirini upande wa Shinyanga. Walichosikia ni mwamba umeanguka shimoni, basi. Masanja akaniita, sikujibu. Akaniita kesho yake, kimya. Hapo akapiga hesabu zake: mwamba umeanguka, na Pazi kanyamaza. Tangu aanze kazi Pazi hajawahi kunyamaza. Kwa hiyo Pazi amekufa. Akavaa kofia, akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani, akampa pole.

Mimi sina habari. Asubuhi moja nimekaa na bakuli langu la uji, lori la Mabula likaingia. Mabula ni yule dereva wa Shinyanga anayekuja kuchukua ngozi za ng'ombe. Akashuka, akavua kofia, akaniuliza taratibu, "Ndugu yangu, kaburi la Pazi liko wapi?"

"Pazi ndiye mimi," nikamwambia.

Akaniwekea mkono begani. "Pole sana. Naona mlikuwa mmependana."

Mpaka mlipokuja nyinyi mkaniapia mbele yake ndipo alipokubali, tena kwa shingo upande. Akanieleza kwamba matanga yangu yanaendelea, mke wangu Zainabu ameingizwa eda, na yeye ametumwa achukue sanduku la nguo zangu, kwa sababu matanga hayawezi kuondolewa kabla vitu vya marehemu havijafika nyumbani. Nilikuwa nacheka. Kisha akasema, "Na telegramu ya kumwarifu mama yako Dar es Salaam, mzee ameshaipeleka posta. Ila waya zimeingiwa na wazimu, zinapigapiga zenyewe, haijapita. Karani anasema zikitulia tu, itakwenda."

Hapo bakuli lilinitoka mkononi. Mama yangu hana mtoto mwingine. Siku alipoletewa habari ya baba alianguka mlangoni, akalala hospitali mpaka tukakata tamaa, na daktari akatuambia moyo ule hauwezi kubeba habari nyingine ya namna ile. Niliingiwa na hofu ambayo shimoni sijawahi kuipata. Simu ya upepo imekufa, na hakuna njia ya kumwambia mtu yeyote Shinyanga kwamba mimi ni mzima isipokuwa kwenda mwenyewe. Jua likipona kabla sijafika, litamuua mama.

Kutoka Geita mpaka Segese, nyuma ya sanduku langu

Mabula ni mtu wa maagizo. Nikampa sanduku, akalipangusa vumbi, akaliweka mbele, kwenye kiti kilicho kando yake. Nikashika mlango nami nipande.

"Nimeagizwa sanduku la marehemu," akasema. "Habari ya marehemu mwenyewe sikuambiwa."

Tulibishana mpaka injini ikapata joto. Mwisho akakubali nipande, ila kiti cha mbele alikataa katakata, kwamba si heshima kuliweka sanduku la maiti nyuma pamoja na ngozi. Kwa hiyo nguo zangu zilisafiri kama bwana shauri wa wilaya, na mimi mwenye nguo nikakaa juu ya ngozi za ng'ombe ambazo bado hazijakubali kukauka. Inzi wa njia nzima walinifahamu kwa jina.

Nilikuwa na haraka, na lori halikuwa nayo. Kila penye mti lilisimama kupumua. Karibu na Segese gurudumu likapasuka, na Mabula akagundua kwamba jeki ameiacha kwa shemeji yake, Kahama. Tukaingia kwenye mji wa mama mmoja mfugaji, Mama Nkwabi, mjane, kuomba msaada wa watu wa kuinua lori. Mabula akamsalimu vizuri kwa Kisukuma, kisha akanitambulisha. Angeweza kusema huyu ni abiria wangu. Akasema, "Huyu ndiye yule marehemu wa Shinyanga."

Habari zilikuwa zimeshafika, lori lilipopita likienda lilizieneza. Mama Nkwabi hakushtuka. Akaniletea kigoda, akaniletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanitazama nikila. Nilikula sana, maana hofu kwangu hushuka tumboni. Nilipokwisha kunawa akanisogelea.

"Baba, huko ulikokuwa hukumwona mume wangu?"

"Mama, mimi sikufa. Ni simu tu ilikatika."

"Naelewa," akasema. "Mtu mrefu, jino la mbele hana."

Nikamweleza jua, madoa, upepo usioonekana, njia ya juu angani. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akasema, "Basi ukirudi, umwambie kwamba yule ng'ombe wake mwekundu amezaa, na aliyekuwa anamdai ameacha kutusumbua." Nilitaka kukataa, lakini nilimwona alivyojifunga khanga vizuri kwa ajili ya kuleta ujumbe ule. Nikasema nitamwambia. Akafurahi, akanifungia michembe, viazi vikavu, ya njiani, na vijana wa mji ule wakaliinua lori kwa mikono huku wanaimba. Hiyo ahadi ya mume wake bado ninayo, siku yangu ikifika nitamtafuta mtu asiye na jino.

Kahama, wanaume wanasikiliza mvumo

Kahama tulikwama kwa sababu ya ngozi. Mwenye ngozi alikuwa msikitini, na akitoka msikitini hulala. Nikaona watu wamejaa kwenye baraza la duka la Mwarabu, wamenyamaza kimya, nikadhani nako kuna msiba. Kumbe wanasikiliza redio. Kila siku wakati huo hukusanyika kusikiliza habari kwa Kiswahili, na hata siku hizo ambazo redio ilitoa mvumo mtupu, walikuja vile vile, wakakaa vile vile, kila mtu mahali pake.

Nikasikiliza kidogo. Ule ule, mchele kwenye ungo.

"Leo habari ni nzito," mzee mmoja mwenye kanzu ya kahawia akasema, na wenzake wakatikisa vichwa. Mwingine akasema jana zilikuwa nzito zaidi. Mwarabu mwenyewe alikuwa na fimbo ndogo, kila baada ya muda anaichapa redio ubavuni, si kwa hasira, kama mtu anayemwamsha punda.

Nikajitia ujuzi, si mnanijua. Nikawaambia mimi ndiyo kazi yangu, na redio haina kosa, kosa ni la jua.

"Jua gani?" akauliza mwenye kanzu.

"Hili hapa."

Wote wakatoka barazani wakalitazama, viganja usoni. Wakarudi wakakaa. Mwenye kanzu akasema jua lile analijua tangu utoto wake, ni la watu wema, haliwezi kufanya hivyo. Mwingine akauliza, kama jua limeharibu redio ya Kahama, mbona redio ya Tabora nayo inasemekana imeharibika, na Tabora wana jua lao? Mabishano yakawa makali. Mwarabu akaniuliza kama dawa ya jua ninayo. Nikasema sina. Akasema basi tunyamaze, tunawazuia watu kusikia, na akaichapa tena.

Nililazwa kwa shemeji yake Mabula, nikapewa wali na maharage, na kitanda kizuri, lakini usingizi haukuja. Kila nikifumba macho namwona karani wa Shinyanga anasikiliza waya, anangoja zitulie.

Isaka, treni inasubiri baiskeli

Njia ya magari kwenda Shinyanga ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo Mabula akanifikisha Isaka nipande treni. Hapo lori lilizima na halikuwaka tena. Mabula akanikabidhi sanduku kwa masikitiko, akaniambia nilibebe kwa heshima. Nikalitia kichwani.

Treni ya abiria ilikuwepo, imesimama, moshi unatoka, abiria wamekwisha kushuka wakaanza kupika ugali kando ya reli. Nikamwendea stesheni masta, mtu mwembamba, kofia imekaa sawasawa, macho mekundu. Mnajua reli yetu ni moja, treni haiwezi kuondoka mpaka stesheni ya mbele iseme kwa waya kwamba njia ni nyeupe. Sasa kengele ya waya wake ilikuwa inalia yenyewe. Ikilia, anasimama, anajibu kwa kugonga, anasubiri, hapana mtu. Anakaa. Inalia tena. Anasimama.

"Kwa nini usiache?" nikamuuliza.

"Kanuni inasema kila kengele ijibiwe."

"Lakini anayelia ni jua."

Akafikiri sana. "Kanuni haikutaja nani analia," akasema, na kengele ikalia, naye akasimama.

Nikamweleza habari ya mama yangu. Naye alikuwa na mama, Mungu ambariki. Akaita mtu wa reli, akampa baiskeli na barua ya kwenda stesheni ya mbele kuuliza kama njia ni nyeupe. Nikamwuliza sisi tutajuaje. Akasema mwenye baiskeli atarudi na jibu. Tukangoja. Watu waliokuwa wanapika ugali wakanikaribisha, tukala, tukalala, mwenye baiskeli akarudi na jibu kwamba njia ni nyeupe, lakini jibu lile, kwa kanuni, lilikuwa la treni ya mizigo iliyokuwa nyuma, kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwenye barua. Stesheni masta mwenyewe alikuwa ameandika hivyo kwa kusinzia. Abiria walimtukana kwa lugha zote za Jimbo la Magharibi.

Nikawaacha wakitukana, nikadandia treni ya mizigo. Behewa nililolipata lilikuwa na magunia ya unga. Ilikwenda mwendo wa kilema, maana kila stesheni tulingoja baiskeli, na kila ikisimama na kuondoka kwa kishindo magunia yalinipulizia. Nilikuwa na jasho, na jasho na unga mnajua vinatoa nini. Nilipotazama mikono yangu ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na uso ulikuwa umeniganda nisiweze kucheka, japo sikuwa na la kucheka.

Shinyanga, posta

Sikunawa. Nilikimbia kutoka stesheni mpaka posta na sanduku kichwani, watoto nyuma yangu. Karani wa simu alikuwa mezani, sikio limeelekezwa kwenye mashine.

"Telegramu ya kifo cha Pazi," nikasema, "imekwenda?"

"Bado. Lakini tangu asubuhi waya zinatulia. Wenzangu wa Tabora nimewasikia vizuri mara moja. Nitaijaribu baada ya alasiri."

"Usiipeleke. Pazi ni mimi, sikufa."

Akanitazama kutoka kwenye unga mpaka kwenye miguu. Hakuwa mtu mbaya, sema ni mtu wa posta. "Telegramu ni mali ya aliyeileta. Aliyeileta ni Mzee Ramadhani. Akija yeye mwenyewe akaikataa, nitaiacha. Wewe huwezi."

"Lakini kifo ni changu."

"Kifo chako, telegramu yake," akasema.

Jua lilikuwa limeshapinda. Nikaenda mbio nyumbani kwa mkwe.

Matangani kwangu

Niliwasikia kabla sijawaona, na sikusikia kilio, nilisikia watu wanacheka. Uani palikuwa na mikeka, sufuria kubwa jikoni, na katikati, juu ya kinu kilichopinduliwa, amekaa mtu mnene amevaa kanzu yangu ya harusi. Ilikuwa imembana mpaka kwapani. Ameshika kopo mdomoni.

"Haloo Shinyanga, hapa Geita. Leo tumechimba sana. Wenzangu wamechimba, mimi nimewasimamia kwa mdomo. Tuleteeni nazi, huku watu wanakula majani."

Ilikuwa sauti yangu. Hata ile tabia yangu ya kukohoa kidogo kabla ya kusema uongo alikuwa nayo. Wafiwa walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi, na ndivyo inavyotakiwa, mtani kazi yake matangani ni hiyo, kumwigiza marehemu mpaka majonzi yapungue. Nikajua ndiye Masanja.

Wakaniona mlangoni, mweupe kama mzimu, na sanduku kichwani. Wanawake walipoliona sanduku wakaangua kilio, maana sanduku limefika, basi hakuna shaka tena. Nikalitua.

"Jamani, nyamazeni. Mimi ndiye Pazi. Mimi ni mzima."

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mtani mpya kaja, kajipaka unga. Masanja akatoa kopo mdomoni akanitazama kwa jicho la fundi.

"Mzaramo mmoja alikuwa mzigo," akasema, "sasa wamekuwa wawili."

"Masanja, mimi ndiye. Mwamba ulianguka, simu ikakatika. Jua lilichafuka."

"Hapo kapatia," akasema jirani mmoja. "Marehemu alikuwa na visingizio namna hiyo hiyo."

"Sauti kapata," mwingine akasema, "ila mwendo hana. Marehemu hakutembea hivyo." Na Masanja akashuka kinuni akatembea, akitupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama wafiwa walivyomfundisha, na wote wakakubaliana kwamba yule ndiye Pazi hasa. Nikajaribu kutembea kama mimi. Ndugu zangu, ukitaka kusahau unavyotembea, watu wakutazame. Nilijikwaa kwenye mkeka, nikapigiwa makofi.

Nikamwendea Mzee Ramadhani. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. "Shikamoo, baba. Twende posta, tafadhali. Ile telegramu itamuua mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, anatabasamu. "Umenipunguzia uchungu. Mpeni huyu kijana pilau." Nikaletewa sahani. Nikakimbilia dirisha la chumba alichofungiwa Zainabu, nikamwita jina. Bibi mmoja akanifungia dirisha usoni akaniambia nimheshimu mwenye eda, utani una mipaka. Ndani nikamsikia Zainabu analia zaidi.

Na hapo msikitini pakaadhiniwa alasiri.

Nilisimama katikati ya ua na sahani ya pilau mkononi. Nilimwona mama anafungua mlango, anapokea karatasi, anamtafuta mtu wa kumsomea. Nikakaa juu ya sanduku langu nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto, pilau likamwagika, na machozi yakachora mifereji kwenye unga. Mwanzoni walicheka sana, wakasema huyu ni hodari kweli. Halafu kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja mmoja, na mwisho hakuna.

Masanja alikuwa amesimama mbele yangu. Kopo limeshuka mkononi.

"Mtani halii," akasema.

Kila mtu pale alilijua hilo. Mtani matangani hucheka, hutukana, hujilaza kaburini akakataa kutoka, lakini kulia hawezi, kulia ni kwa wenye msiba. Masanja akachuchumaa, akashika mkono wa kanzu yangu mwenyewe, akanifuta uso. Hakujua anatafuta nini, hajawahi kuniona. Hapo dirisha likafunguka. Zainabu alitazama mara moja tu.

"Baba," akasema, "huyo ni mume wangu."

Naye akatoka eda kwa kupitia dirishani. Alinishika shingoni kwa nguvu mpaka sikuweza kupumua, nami sikutaka aniachie. Lakini Masanja ndiye aliyekumbuka. Alimnyanyua Mzee Ramadhani kama gunia la mtama, akampakia nyuma ya baiskeli, akakanyaga, na kanzu yangu ikachanika mgongoni kutoka juu mpaka chini. Sisi tukafuata kwa miguu, matanga yote, na wapishi na miiko yao.

Karani alikuwa na kidole juu ya mashine. Waya zimetulia kabisa, Tabora wanaitika.

"Usiipeleke," akasema mzee, bado yuko kwenye baiskeli.

"Sababu?"

Mzee akatafakari. "Marehemu amekataa," akasema. Karani akaichana.

Furaha ile ilinilevya. Nikamwambia karani kwamba waya zikiwa zinapita, na mimi nataka kupeleka yangu. Nikampelekea mama maneno machache: Mama mimi mzima usihofu. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote duniani.

Stesheni ya Shinyanga

Siku ya kurudi huku, Zainabu na Masanja walinisindikiza. Masanja njia nzima ananidai chakula cha matanga, anasema alikula kwa ajili ya mtu aliyekufa na sasa kinamkaa vibaya tumboni. Treni ya kutoka Tabora ikaingia. Kwenye daraja la tatu akashuka mwanamke mfupi mwenye baibui, ana mzigo kichwani, haangalii kushoto wala kulia. Nilimjua kwa namna alivyomsukuma mtu wa tiketi.

Nikamkimbilia. Aliutua mzigo kwanza. Akanishika mashavu, akanigeuza huku na huku, akanishika mikono yote miwili, akanishika magoti hadharani, mbele ya watu.

"Mama, umekujaje? Na moyo wako?"

"Ulikwenda mbio mpaka Morogoro," akasema. "Baadaye ukachoka, ukaniacha nisafiri." Kisha akakasirika. "Tangu uondoke nyumbani hujawahi kuniletea telegramu. Inakuja, naambiwa wewe ni mzima, nisihofu. Nani alikuuliza? Mtu hasemi usihofu mahali pasipo na hofu. Nilijua umekufa, na hao wanaogopa kuniambia."

Masanja akafurahi sana kuniona nagombezwa. Safari yangu nikaiahirisha. Tulikwenda naye nyumbani kwa mkwe, akafungua mzigo wake mkekani. Akatoa mkate wa kumimina, akatoa samaki wakavu, ng'onda, waliofungwa kwenye gazeti, akatoa nazi, na kila anachotoa Masanja anakitukana kama inavyompasa. Chini kabisa kulikuwa na bafta nyeupe ya sanda iliyokunjwa vizuri, na pamba, na ubani, na kichupa cha marashi.

Hiyo Masanja hakuitukana.

"Sikujua kama huku bara wangekupatia nzuri," mama akasema. "Niliikata kwa urefu wako."

Aliitazama kidogo, akaipangusa vumbi la treni, akaikunja upya, kona kwa kona.

"Hii sasa yangu," akasema. "Itanizidi, lakini si neno. Ndivyo inavyotakiwa iwe, mama atangulie." Akairudisha chini ya mzigo, akamwomba Zainabu amwonyeshe jiko lilipo.